Droo ya Tatu

Mkaguzi alifika saa tatu na robo,
Barabara ya Lunga Lunga ikinuka mpira na sabuni.
Odiembo wa getini akaipokea pasipoti yake,
akampa beji: MGENI, namba kumi na tisa.
Ndivyo Nairobi ilivyo. Kila lango hukupokonya jina,
likakurudishia jioni.

Mimi ndiye karani. Maswali arubaini na mawili
niliyapiga chapa wiki nzima, pamoja na majibu.
La kumi na saba: Je, mwajiri hushikilia hati za wafanyakazi?
Hapana.
La kumi na nane: Je, yupo anayefanya kazi ili alipe deni?
Hapana, kwa kalamu nzuri,
ile ya siku za wageni.

Alipita kati ya vyerehani akihesabu vizima-moto.
Akalipiga picha bango la haki, gundi yake bado mbichi.
Akamuuliza Syombua, mezani pa vifungo,
kama yuko hapa kwa hiari.
Syombua akanitazama.
Nikatafsiri "ndiyo" kabla hajafungua kinywa.

Saa sita mkaguzi akaanza kupapasa mfuko wa koti.
Akakumbuka, akacheka kidogo.
"Pasipoti yangu iko salama pale nje?"
Saa nane akauliza tena.
Saa kumi chai yake ilifuka moshi peke yake;
mwenyewe keshafika getini, mkono ameunyoosha.

Ufunguo ninao mimi.
Droo ya tatu, chini ya bili za umeme:
vitambulisho thelathini na saba, vimefungwa kwa mpira kama noti,
kila kimoja na karatasi yake.
Ada ya wakala. Sare. Kitanda cha bweni.
Sindano zilizovunjika.
Syombua, miezi kumi na minne: alianza na deni la elfu ishirini,
leo ni elfu thelathini na moja.
Hesabu ni yangu. Nimeipitia mara mbili, haina kosa.

Juzi usiku alikuja, mtoto mgongoni anachemka,
zahanati wanataka namba.
"Niazime kitambulisho changu," akasema.
Niazime.
Changu.
Nikamfungulia daftari: "Tia sahihi. Kirudi kabla ya zamu."
Kilirudi, kikiwa na joto la kiganja.

Cheti kitaletwa mwezi ujao, ndani ya fremu.
Bosi ameshachagua ukuta,
pale pale juu ya droo.
Mimi nimetumwa misumari.