Sikio la Yvette

Miaka thelathini na mmoja Yvette Drouillard
aliinamisha kichwa juu ya injini mpya
akazisikiliza kama mkunga.
Hii ina kikohozi, irudisheni.
Hii nzima. Nendeni nayo.

Pistoni zilivuka daraja, Windsor hadi Detroit,
zikarudi zimechongwa, zikaenda tena,
wala mto haukuwahi kuuliza ni za nani.
Sasa ushuru unauliza, kwenda na kurudi.
Juzi malori kumi na mawili yaligeuzwa,
na maegesho ya wafanyakazi yana theluji isiyokanyagwa.

Zamu ya usiku imefutwa. Ya mchana inasubiri barua.
Msimamizi anasema zitakuja betri,
labda mwakani, labda kwa jirani,
na hiyo "labda" anaitamka
kama mtu anayehesabu chenji isiyotosha.

Jumapili mpwa wake Thibault alikuja na gari la umeme.
Lilifika mlangoni bila hodi.
Yvette akafungua boneti, mazoea hayana dawa,
akakuta sanduku tupu la kuwekea mizigo.
Akaweka kiganja. Baridi.
Akainamisha kichwa.

"Shangazi, halina cha kusikiliza."

"Nyamaza."

Akabaki pale, pumzi ikimtoka kama moshi,
mpaka akaupata: uzi mwembamba wa sauti,
chini kabisa, mbu nyuma ya pazia.

"Lina kikohozi?" Thibault akauliza, akicheka.

"Sijui bado," akasema.
"Zima. Halafu liwashe tena."