Mgeni na Mkeka Wake

Mashini ya Bi Tima ilikufa Ijumaa,
ghorofani, mtaa wa Langoni,
ambako chumvi huingia hata ndani ya kufuli.
Ukiiwasha inaguna, inapepesa kitaa,
kisha kioo kinabaki cheusi kama sufuria iliyoungua.

“Iwate,” aliniambia. “Siku yake imefika.”

Lakini mle mna hesabu za miaka tisa:
nani kashonewa kofia, nani hajalipa,
vito au viua, kichwa cha inchi ngapi.

Nikatoa flashi kwenye shada la funguo,
kati ya ufunguo wa stoo na ule wa kabati.
Haizidi kokwa ya tende.
Nimepakia nyumba nzima humo,
milango, taa, lugha,
na pazia la samawati
nililolichagua usiku mmoja nilipokosa usingizi.

Nikaichomeka. Haikuingia.
Nikaigeuza. Haikuingia.
Nikaigeuza tena, ikaingia,
nami nikagonga kibonye cha juu, nikagonga,
kama mdai anayepiga hodi alfajiri.

Maandishi meupe yakateremka mbio,
halafu pazia.
Bi Tima akavua miwani.
“Kumbe ilikuwa imelala!”

Hapana, Bi Tima. Bado imekufa.
Huyu ni mgeni, kaja na mkeka wake,
kautandika katika nyumba isiyo na mwenyewe,
hata msumari hakuugusa.

Diski ya ndani ilikuwapo, mlango wake umeshuka bawaba tu.
Tukachungulia.
Kofia. Kofia. Kofia.
Na picha moja: marehemu Shekuwe
akipima kichwa cha mtoto kwa uzi.
Bi Tima hakusema neno.
Alisogeza kiti.

Mgeni aje, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo.
Mwenyeji hapa hakupona.
Alichokimeza ndicho tulichokitoa,
kimoja kimoja, hadi adhuhuri.

Kuna jambo sikumweleza.
Mgeni huyu hana kumbukumbu.
Ukimzima, kesho atarudi na pazia lile lile,
aulize saa za wapi, lugha gani,
kana kwamba hajapata kukanyaga Lamu,
kana kwamba hakumwona Shekuwe na uzi wake.

Nilipobaki peke yangu, kabla sijaichomoa,
niliandika beti nne
juu ya uso wa Bi Tima mbele ya ile picha.
Zilikuwa nzuri kuliko hizi.

Nikabonyeza Zima.