Kuhesabu Makufuli, Willenhall

Maktaba ya mji, meza iliyo karibu na hita.
Mbele yangu daftari la wafanyabiashara la mwaka 1861,
lina harufu ya kabati la marehemu.
Kazi yangu ni kuhesabu: waliozaliwa, waliofungwa.

Pountney na Wanawe, kufuli za masanduku.
Mjane Hadley, funguo tu, uani nyuma ya machinjio.
Obadiah Fereday, vitasa vya jela.
Daftari la miaka kumi mbele:
Pountney yupo. Mjane yupo.
Fereday hayupo. Naandika sifuri
yenye umbo la tundu la ufunguo.

Profesa alituonya: usiulize Fereday alikosea wapi.
Nondo wa mji huu, mdudu, si chuma,
hakujipaka masizi ili afanane na kuta.
Weupe waliliwa na ndege. Weusi wakabaki.
Basi.

Wa kwanza kufungua karakana alichekwa.
Wa kumi alikopeshwa.
Wa mia tatu alikuta mikono imejaa sahanini.
Wengi walikufa wachanga, kabla ya mwaka wa tatu,
na waliozeeka walishindwa kugeuka:
samaki mkunje angali mbichi,
na hawa walikaushwa na sifa zao wenyewe,
na mashine za mkopo, na mkono uliozoea tupa moja.

Hapo ndipo nikamkumbuka baba,
fundi baiskeli, Tabora, barabara ya stesheni.
Pikipiki zilipoingia tulimwita mkaidi,
mpaka siku anashusha kibao kwa bisibisi yake mwenyewe
tulikuwa bado tunamshauri.
Jedwali langu linasema hakuwa na kosa.
Nafuu hiyo naipokea kwa mkono mmoja.

Jioni napita kwa Balvinder Sohanpal.
Wakubwa wamemezana, wameacha ufa,
naye anaishi ndani ya ufa huo:
hutengeneza kufuli za makanisa ya kale, hazidi kumi kwa mwezi.
Hanyanyui kichwa.
"Umeniandika?"
Namwambia anaonekana kama moja, safu ya mwisho.
"Moja," anasema, anapuliza vumbi la shaba,
"na yule aliyefunga juzi, mlango wa pili,
aliyeniachia jiliwa hili?"

Sikumwandika. Hakuwahi kusajiliwa.
Natoa kalamu, mvua inanyesha,
namwuliza jina lake.