Nati ya Chini

Canter ya Sechelela imelala kwetu, Kizota,
na asubuhi mchanga chini yake una doa
la ukubwa wa sahani ya ugali,
jeusi, linanuka oili ya gia.
Sisimizi wamelizunguka. Hawavuki.

"Mbukwa, fundi."
"Mbukwa."
Anasema alianza kuliona Mpunguzi, tone moja moja.
Akatandika kipande cha boksi, akakikuta kimelowa.
Akaenda Hombolo kupakia zabibu, likamfuata.
Sasa gia ya tatu inaguna kama mtu aliyeamshwa.
"Haba na haba hukausha kibaba," anasema,
wala hacheki.

Nalala chali juu ya katoni.
Nimeijua kabla sijaigusa.
Mikwaruzo kwenye pembe za nati ile ni yangu:
mwezi wa nne, mvua zikikatika,
nilichomeka bomba la mita nzima kwenye mpini wa spana,
nikaning'inia kama mtoto kwenye tawi,
nikatamba: "Hii haivuji tena, labda dunia ipasuke!"
Nati ni chuma. Giaboksi ni aluminiamu.
Dunia haikupasuka.

Fungua ya juu kwanza, ile ya kujazia.
Ya juu ikigoma, ya chini usiiguse,
utamwaga usichoweza kurudisha.
Hilo Madeje alinifundisha kwa matusi,
ndiyo maana sijalisahau.

Ya juu imekubali.
Nasogeza beseni. Ya chini haihitaji hata spana,
inatoka kwa vidole
kama jino la mtoto wa miaka sita.
Oili inashuka ikimeta,
na kwenye sumaku ya nati pameota ndevu za kijivu.
Natia kidole tunduni:
nyuzi tatu za mwanzo zimelala,
za ndani bado zina meno.

"Nani kaiharibu?"
Anauliza akiwa ameketi kwenye kreti tupu.
Upepo wa hapa hauna adabu, unakutia mchanga mdomoni
wakati ule ule unapotaka kusema.
Ningeweza kuisingizia barabara ya Hombolo.
Ningeweza kusema, mama, magari ya mtumba haya.
Ulimi ulishaanza kushika njia hiyo.
"Mimi."
Toka chini ya gari naona viatu vyake tu.
Havikusogea.

Basi kazi.
Tapu, grisi kwenye meno yake inase chembe:
nusu duru mbele, robo nyuma,
nusu, robo,
bila haraka, kama unayemchana mgonjwa nywele.
Nati mpya, ndefu kidogo kuliko ile,
ifike kule nyuzi zilikobaki hai.

Washa ya shaba hakuna, duka zima la Ndahani.
Naichukua ya zamani, iliyokakamaa kwa kubanwa,
naining'iniza kwa waya juu ya mkaa wa muuza chapati
mpaka inaiva nyekundu,
naitosa kwenye kopo la maji. Chwaa!
Chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu.
Shaba inalainika.
Muuza chapati anataka kujua kama nitamlipia mkaa.

Nakaza kwa spana fupi, mkono mmoja.
Washa inabonyea kidogo, naisikia kwenye kiwiko,
naacha.
Kuacha ndiko kugumu.

Kisha oili mpya, juu,
lita baada ya lita, mpaka ichungulie tunduni
na kutiririka kwenye kidole changu.
Pale juu tu, kuvuja ndiko kujaa.

Akaizungusha mpaka Nala na kurudi.
Tukatandika karatasi ya daftari, tukangoja,
yeye akimenya karanga, mimi nikijifanya nafuta spana.
Saa nzima. Karatasi ikabaki nyeupe,
ila vumbi.
"Oili nalipa," akasema. "Mkono wako silipi."
Nikasema haki yako.
Akawasha, akaingiza ya kwanza, ya pili,
nikasikiliza ya tatu mpaka kona ya reli.
Haikuguna.

Lile bomba la mita moja bado liko gerejini.
Linashikilia turubai.