Sekunde Ishirini na Mbili

Siku ya tatu ya shamali, Al-Khoud haina rangi.
Shafiqul anafagia ukumbi wa maabara;
akifika mwisho, mwanzo umeshachafuka.
Jana aliniuliza, kwa Kiarabu chake cha kuungaunga:
"Daktari, vumbi lote hili,
na nyinyi mnalipandisha jingine ndege?"

Nilicheka. Sikuwa na jibu fupi.

Vumbi letu ni la kununua:
punje za plastiki, mviringo, kimo kimoja,
gramu yake yaushinda bei ubani wa Dhofar.
Tunalinyunyiza ndani ya chemba yenye gesi kiduchu
iliyopigwa umeme hadi ikageuka zambarau,
na kila punje, ikishajaa elektroni maelfu,
inaota kinyongo: haitaki kuguswa na jirani.

Lakini hapa duniani uzito huzivuta zote chini,
zikapangana safu mbili tatu, zimenuna.
Ndiyo maana ya ndege. Inapaa, inajiachia,
na kwa sekunde ishirini na mbili
hakuna juu, hakuna chini.

Mimi sikupanda. Tumbo langu nalijua.
Alipanda Mabrouk, akarudi na diski
na shati ambalo hatulizungumzii.

Saa tisa usiku. Picha baada ya picha.
Punje zimeenea chemba nzima,
ila katikati pamebaki tundu jeusi
kama kitovu.
Sekunde ya kumi na nne, Mabrouk anapunguza gesi,
na kwenye wembe wa mwanga wa leza
unatokea mstari.
Mwingine.
Wimbi, polepole kama mtu akunjaye mkeka,
mbano na mlegeo, mbano na mlegeo,
naliona kwa macho haya haya.

Nikachagua punje moja, nikaitia alama nyekundu,
nikaifuata picha mia mbili.
Ilikwenda mbele unywele, ikarudi unywele.
Wimbi likapita, likaenda zake.

Simu. Mama, ameamka kwa tahajudi.
Kiswahili chake bado cha Mkunazini;
miaka hamsini Seeb, hakijaingia mchanga.
"Thuwaiba, umefunga madirisha?"
"Nimefunga." (Sijafunga.)
"Mama, nimeliona wimbi."
"Wimbi la nini saa hizi?"
"La vumbi."
Akanyamaza. Nikasikia maji ya udhu yakidondoka.
"Basi pangusa, mwanangu, ulale."

Sekunde ya ishirini na mbili uzito unarudi.
Zote zinaporomoka, na yangu nyekundu,
siioni tena ni ipi.

Ukumbini ufagio umeanza upya.
Nafungua mlango, namwita Shafiqul,
navuta kiti cha pili,
narudisha picha hadi ya kumi na nne.