Upande Wenye Mawe

Mgeni wa chumba namba kumi na saba, hapa Entebbe,
alishuka na begi moja na ufunguo
wa shule iliyofungwa Herat.
Kautundika msumarini, juu ya kitanda.
Nikifagia, naukwepa kama jicho.

Leo kaniuliza, kwa vidole na Kiingereza cha kuokoteza:
kwenu, msichana husoma mpaka wapi?
Nikasema, mpaka karo iishe.
Nikacheka. Shakiba hakucheka.

Basi nikamweleza ya kibanja cha Masaka:
matanga hayajaanuliwa,
shemeji keshang'oa luwanyi za mpakani,
ati mwanamke ni urithi, harithi.
Miaka minne nikapanda ngazi za mahakama
kwa viatu vya kuazima;
karani anataka barua, muhuri, shahidi, soda.
Nilipata nusu. Upande wenye mawe.
Nimepanda maharagwe. Yameota, hivyo hivyo.

Akautungua ufunguo, akaniwekea kiganjani:
mzito, wa baridi, meno yake mazima.
"Kufuli wamebadilisha," akasema.

Kisha akaomba kalamu.
Tukaanza na jina langu.
Kumbe Nakabugo, kwa mwandiko wao,
huanzia kulia.