Sentimita Arubaini

Kekee ilishuka mita kumi na tisa
katika jabali la nyuma ya Samail,
ikapanda na kiini: kijivu, kijani, kijivu,
kikapangwa sandukuni kama miwa ya kuuza.
Kisha pengo.
Shaame, mchimbaji, akaandika kwa penseli
juu ya ubao: sm 40, hazikupanda.

Hazikupanda. Zilichukuliwa na maji ya kekee,
au zilikuwa udongo tangu hapo,
au hazikuwapo. Mimi sijui.
Lakini kompyuta haipokei "sijui".
Kila pembetatu katika wavu wangu
inadai uzito wake, mshikamano wake,
na ile pembe ambayo jiwe huchoka
kung'ang'ania jiwe.
Pembetatu elfu sitini na mbili. Nimezilisha.
Zimebaki hizi chache, mstari mwembamba kama uzi,
zimeachama.

Nikizipa thelathini na mbili, jabali linasimama.
Barabara inapita, Mhandisi Ghassan anashusha pumzi,
mkandarasi analeta halua.
Nikizipa kumi na nane,
wekundu unatambaa kutoka mguuni mwa jabali
hadi begani, bila kishindo, bila vumbi,
na jabali linalala juu ya mitende ya watu
na mfereji wao wa falaji,
kila ninapobonyeza.

Mwamba ngoma huvutia kwake.
Mwamba huu hauna ngoma;
wanaouwamba ni sisi.

Saa saba ya usiku Mama kaleta chai ya tangawizi.
Kiswahili chake cha Ng'ambo alikuja nacho mtoto,
hakukipeleka kokote.
Akatazama kioo.
"Mbona jabali lina homa?"
Si homa, Mama, ni msongo.
"Basi lipe dawa."
Namba sina.
"Kamuulize aliyelishika."

Baada ya alfajiri nikampigia Shaame.
Alikuwa anatafuna.
"Pale? Pale sikusukuma mimi. Kekee ilizama yenyewe,
na maji yakarudi mazito, meupe,
tui la kwanza hasa."
Mbona hukuandika?
"Fomu yenu ina safu ya tui?"

Nikaandika kumi na nane.
Nikaandika na sababu, kwa Kiarabu fasaha:
*maji ya kuchimbia yalirudi yakiwa na chembe laini.*
Tui halikuvuka.

Ghassan amerudisha ripoti.
Pembeni, kwa wino wa bluu, alama moja ya kuuliza,
kubwa, imekunjwa vizuri, kama ndoana.

Adhuhuri nimepanda mwenyewe, na karatasi mkononi,
kutafuta nodi ya elfu nne mia moja kumi na saba,
ile inayoanza kuondoka kabla ya wenzake.
Jabali linachoma kiganja.
Limetoka chini ya bahari, wasema wajuzi, likapanda huku,
na halikumwomba mtu namba.
Juu ya nodi yangu amesimama mbuzi wa mtu,
anajikuna pembe kwenye ufa,
anajikuna tena,
kijiwe kimoja kimeanguka,
nikakihesabia sekunde.